Sura ya Saba: Wanaohesabu Kete za Wengine

Miongoni mwa kazi za msimu zilizoletwa na intaneti, ile ya mwandishi wa mashindano ya poka haijulikani sana nje ya duru za wachezaji wenyewe, na wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni starehe inayolipwa mshahara. Mwandishi huyu huajiriwa kwa wiki chache za mwaka ili ashinde ukumbini akizunguka kati ya meza, akiwatazama watu wengine wakicheza karata kwa fedha, akiandika anachokiona na kukichapisha ndani ya dakika chache kwa ajili ya wasomaji walio mbali, ambao wengi wao wana ndugu, rafiki, au mtu waliyemchangia mtaji aliyeketi kwenye mojawapo ya meza hizo. Kazi hii ina mipaka migumu, na mpaka ulio mgumu kuliko yote unatokana na kanuni za mchezo wenyewe, kwa hiyo haiwezi kueleweka vizuri kabla kanuni hizo hazijaelezwa, japo kwa ufupi.

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi duniani, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa ambazo ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuzitazama, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu, kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na hizo ni za wote. Kabla ya karata za mezani kufunuliwa, na tena baada ya kila awamu, wachezaji huweka madau: anayetangulia anaweza kupitisha zamu bila kuweka kitu, na dau likishawekwa, anayefuata ana hiari ya kulifuata, kuliongeza, au kuziacha karata zake na kujitoa katika mkono huo. Neno mkono hapa lina maana ya mzunguko mmoja kamili wa mchezo, tangu kugawa karata mpaka mshindi anapokokota fungu, yaani jumla ya madau yote yaliyorundikwa katikati. Mshindi hupatikana kwa njia mbili: ama karata zinafunuliwa mwishoni na za kwake zinaonekana bora, ama wenzake wote wanajitoa kabla ya kufika huko, na katika hali hii ya pili halazimiki kumwonyesha mtu yeyote alichokuwa nacho. Mikono mingi huishia kwa njia hiyo ya pili. Mwandishi wa poka, tofauti na mwandishi wa riadha au wa ndondi, hutakiwa kueleza pambano ambalo sababu zake zimefunikwa kifudifudi mbele ya macho yake, na ambazo mara nyingi hurudishwa kwa mgawaji na kuchanganywa na karata nyingine bila kuonekana na yeyote.

Jambo la pili linalohitaji ufafanuzi ni tofauti kati ya poka ya fedha taslimu na poka ya mashindano. Katika mashindano, mchezaji hulipa ada mara moja na kupewa idadi maalumu ya kete, yaani visahani vidogo vya rangi mbalimbali ambavyo namba zilizoandikwa juu yake si fedha bali ni kipimo cha nguvu ya mchezaji ndani ya shindano tu, akizimaliza, ametoka. Kila mkono huanza kwa madau mawili ya lazima, ambayo hupandishwa kila baada ya muda uliopangwa, ili anayekaa tu akisubiri karata nzuri aliwe kidogokidogo. Wanaobaki hadi takriban asilimia kumi na tano ya mwisho hupata zawadi, wengi wao zawadi ndogo, na sehemu kubwa ya fedha huwaendea wachache wa meza ya fainali. Kwa kuwa mchezo huu hauna mabao yanayotangazwa ubaoni, hali ya shindano katika saa yoyote ile hujulikana kwa swali moja tu, nalo ni nani ana kete ngapi, na kulijibu swali hilo, tena na tena, kwa meza mamia, ndiyo sehemu kubwa ya kibarua chenyewe.

Mashindano yaliyoizaa kazi hii ni World Series of Poker ya Las Vegas, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na Benny Binion, mmiliki wa kasino ya Horseshoe, ambaye aliwaalika wacheza kamari wachache mashuhuri waje wachezee kwake. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa na mtoano. Bingwa, Johnny Moss, alichaguliwa kwa kura za wenzake. Inasimuliwa kwamba katika kura ya kwanza kila mchezaji alijipigia mwenyewe, ikabidi waulizwe ni nani anayefuata kwa ubora baada yao, na ingawa kisa hicho kinafaa sana kwa tabia ya wahusika, uhakika wake ni wa masimulizi tu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyelipwa kuandika kilichotokea. Mwaka uliofuata mtindo wa mtoano ulianza, na mwaka 1972 ada ya shindano kuu ikawekwa kuwa dola 10,000, kiwango ambacho hakijabadilika hadi leo ingawa dola ya wakati ule ilikuwa na thamani ya zaidi ya mara saba ya dola ya sasa. Kuanzia mwaka 1976 washindi wakaanza kupewa bangili, na bangili hiyo ndiyo inayowaniwa katika kila shindano la msimu, hata na watu ambao fedha za ushindi hazitawabadilishia maisha.

Katika miaka hiyo ya mwanzo mwandishi mmoja aliweza kuyabeba mashindano yote. Mwaka 1981, A. Alvarez, mshairi na mhakiki Mwingereza aliyekuwa ameshajulikana kwa maandishi yake kuhusu ushairi na kuhusu kujiua, alikwenda Las Vegas kwa niaba ya jarida la The New Yorker, na kutokana na safari hiyo akatoa mwaka 1983 kitabu The Biggest Game in Town, ambacho wengi wanakiona kuwa mwanzo wa fasihi ya poka. Shindano kuu la mwaka 1981 lilikuwa na wachezaji 75, idadi ambayo mtu mwenye subira anaweza kuikariri yote kwa majina na kupata nafasi ya kunywa kahawa na robo yao, na Alvarez hakuwa na haja ya kutuma chochote usiku uleule, kwa kuwa msomaji wake alikuwa tayari kusubiri. Karibu miongo miwili baadaye, mwaka 2000, jarida la Harper's lilimtuma James McManus akaandike kuhusu wanawake katika poka na kuhusu kesi ya mauaji ya Ted Binion, mwana wa mwanzilishi. McManus alitumia fedha za kazi hiyo kujaribu bahati katika mashindano madogo ya kufuzu, akapata kiti katika shindano kuu, akamaliza wa tano kati ya wachezaji 512. Kitabu chake, Positively Fifth Street, ni kizuri, lakini huenda kimewapotosha vijana wengi kuliko kitabu kingine chochote cha aina yake, kwani kiliwafanya waamini kwamba kati ya kalamu na meza kuna hatua moja tu.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ya kamera. Mwaka 1999 kipindi cha televisheni cha Uingereza, Late Night Poker, kilianza kuwaonyesha watazamaji karata zilizofunikwa, kwa kutumia kamera zilizowekwa chini ya kioo kilichotengenezwa ndani ya meza; nchini Marekani, Henry Orenstein, mbunifu wa vitu vya kuchezea ambaye ujanani aliponea chupuchupu katika kambi za Wanazi, alikuwa tayari amepata hataza ya mbinu ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1990. Poka, ambayo hadi wakati huo ilikuwa inachosha kuitazama kama vile kuwatazama watu wakijaza fomu, ghafla ikageuka tamthilia, kwa kuwa mtazamaji wa nyumbani alijua siri ambayo mchezaji aliyeketi mezani hakuijua.

Mkono mmoja wa shindano kuu la mwaka 2003 unaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo mengi. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyefuzu kupitia mashindano madogo ya mtandaoni, alikuwa amebaki na mpinzani mmoja, Sammy Farha, mcheza kamari wa kulipwa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Karata za mezani zilikuwa tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza, na mwisho tatu ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa, yaani jozi ya tisa, jozi ya juu kabisa kwa karata zile. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akiwa amesubiri shupaza ya tano au karata ya kumkamilishia mfululizo, na vyote viwili havikuja. Moneymaker akasukuma kete zake zote. Farha akafikiri kwa muda mrefu, akasema kwa sauti kwamba huenda mwenzake amekosa alichokuwa akikisubiri, naye alikuwa amepatia, kisha akaziacha karata zake. Mwandishi aliyekuwa ukumbini bila msaada wa kamera angeweza kuandika mambo manne tu kwa uaminifu: karata za mezani, dau la mwisho, muda wa kusita, na kujitoa kwa Farha. Kilichoufanya mkono huo uwe mashuhuri, yaani kwamba mhasibu alikuwa hana kitu, kilifahamika kwa umma wote pale tu mashindano yaliporushwa kwenye televisheni baadaye mwaka huo.

Moneymaker alishinda dola milioni 2.5 mbele ya wachezaji 839. Mwaka uliofuata walijitokeza 2,576, mwaka 2005 wakafika 5,619, na mwaka 2006 wakawa 8,773, wengi wao wakiwa wamefuzu kupitia kompyuta zao nyumbani kama alivyofanya yeye, na mashindano yakahama kutoka Horseshoe kwenda kumbi kubwa za hoteli ya Rio. Hapo ndipo mwandishi mmoja alipokoma kutosha. Tovuti za poka zilianza kupeleka timu nzima, na kwa miaka mingi sasa taarifa rasmi za World Series of Poker zimeandaliwa na PokerNews, kampuni iliyoanzishwa na Antanas Guoga, mchezaji wa Kilithuania ajulikanaye mezani kama Tony G, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Mei inapokaribia, timu hizo huajiri watu wa mkataba kutoka nchi mbalimbali, ambao hukodi nyumba kwa kushirikiana, hufanya kazi hadi katikati ya Julai, kisha hutawanyika.

Ukubwa wa kazi unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa sifa. Siku ya mwanzo yenye wachezaji 3,000, wakikaa tisa kwa kila meza, huhitaji zaidi ya meza 330. Mgawaji wa kawaida humaliza kama mikono 25 kwa saa. Kwa hiyo ukumbini huchezwa zaidi ya mikono 8,000 katika saa moja, na timu ikifanikiwa kuandika makumi machache ya hiyo imefanya kazi nzuri. Mtangazaji wa kandanda ana mpira mmoja wa kufuata kwa macho, na mpira ukiwa mbali na goli anaweza kupumua. Mwandishi wa poka ana mipira zaidi ya mia tatu, na kwa kawaida anageuka pale anaposikia kelele, yaani baada ya jambo kutokea. Ndiyo maana taarifa nyingi huanzia katikati, zikieleza kwamba karata ya nne ilikuwa tayari mezani na fungu lilikuwa na kiasi fulani, na mwandishi mwaminifu husema wazi kwamba yaliyotangulia ameyasikia kwa mgawaji au kwa jirani wa meza. Mchezaji aliyepoteza naye husimulia, lakini simulizi yake hupokewa kwa tahadhari, maana ni nadra sana mtu aliyetolewa kukumbuka kwamba alicheza vibaya.

Mwandishi akiwahi mkono tangu mwanzo, huurekodi kwa mwandiko wa mkato ambao mgeni hawezi kuusoma. Viti huhesabiwa kuanzia mkono wa kushoto wa mgawaji, karata huandikwa kwa tarakimu moja na herufi moja ya aina yake, na madau huandikwa bila sufuri za mwisho. Mstari mmoja wa daftari unaweza kubeba habari kwamba kiti cha tatu kiliongeza hadi 2,500, cha nane kikafuata, karata tatu za kwanza zikawa ree ya pau, kumi ya uru na nne ya uru, cha tatu kikaweka 3,000, cha nane kikapandisha hadi 9,000, na cha tatu kikaziacha karata. Kinachopuuzwa na wanaoanza ni kuhesabu kete za wahusika kabla ya mkono kuanza kupamba moto, na bila hesabu hiyo mkono wote hauna maana, kwa sababu kuweka 9,000 ni jambo dogo kwa mwenye laki mbili na ni jambo la kufa na kupona kwa mwenye elfu kumi na mbili.

Kuhesabu huko ni ujuzi wa macho. Mwandishi haruhusiwi kugusa kete, na kumkatiza mchezaji aliye katikati ya mkono kwa kumuuliza ana ngapi ni utovu wa adabu, hivyo hutegemea desturi ya wachezaji kuzipanga kete zao katika minara ya ishirini-ishirini, zenye thamani kubwa zikikaa mbele au juu ambapo kila mtu anaziona. Minara mitatu ya kete za 5,000 ni 300,000. Mnara mmoja na kete saba za 1,000 ni 27,000. Jumla 327,000, na jicho lililozoea hupata jibu hilo wakati wa kupita tu, bila kusimama. Shida huletwa na wale wanaochanganya rangi ndani ya mnara mmoja, wengine kwa uvivu na wengine kwa hila, na pia na mchezaji aliyetoka kushinda fungu kubwa ambalo bado limelala mbele yake kama kifusi. Mahali pazuri pa kusimama ni nyuma ya mgawaji, kwa sababu ukisimama nyuma ya mchezaji unaweza kuiona karata anayoinua ukingo wake, na uso wako, hata ukiwa mtu wa kujizuia kiasi gani, unaweza kumpa habari aliyekaa upande wa pili.

Hesabu hizo zina kipimo chake cha kuzikagua. Mwaka 2023 shindano kuu lilikuwa na wachezaji 10,043, kila mmoja akianza na kete za thamani ya 60,000, kwa hiyo thamani ya kete zote ilikuwa 602,580,000, na katika meza ya fainali jumla ya kete za waliobaki lazima ikaribie hapo, ikipishana kidogo tu kutokana na ukadiriaji unaofanyika kete ndogo zinapoondolewa mezani na kubadilishwa na kubwa. Mwandishi ambaye hesabu zake zinazidi kiasi hicho kwa milioni ishirini anajua kwamba kuna mnara aliouhesabu mara mbili, na huondoka kwenda kuzunguka upya kabla wasomaji hawajamwambia, nao hawachelewi.

Saa iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayotangulia kuingia kwenye zawadi. Katika shindano hilo la 2023, waliolipwa walikuwa zaidi ya 1,500, na zawadi ya chini kabisa ilikuwa dola 15,000. Anayetoka nafasi moja kabla ya hapo hapati fedha zozote, na amepoteza dola 10,000 pamoja na siku kadhaa za maisha yake. Wanapobaki wachache kabla ya mstari huo, waamuzi huamuru meza zote zicheze mkono mmoja kwa wakati mmoja na kusubiriana, ili mtu asicheleweshe mchezo kwa makusudi huku wenzake wa meza nyingine wakitolewa. Mchezaji anapoweka kete zake zote na mwenzake akafuata, mgawaji husimama, karata haziendelei kufunuliwa mpaka mwamuzi na kamera wafike, na waandishi hukimbia kutoka meza moja hadi nyingine wakipanga nani atasimama wapi, kwa sababu meza tatu zinaweza kusimama kwa pamoja. Watu wengi wanaofanya kazi hii huisifu saa hiyo. Lakini ni vigumu kutoona kwamba wakati huo mwandishi analipwa kusubiri maafa ya mtu mmoja, ambaye jina lake itabidi aulizwe, pamoja na tahajia yake, akiwa bado hajavaa koti.

Swali la nani aandikwe halijawahi kupata jibu la haki. Wasomaji wanawatafuta mashuhuri, na mashuhuri wanajua: Phil Hellmuth, ambaye ana bangili 17, nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, aliwahi kuingia ukumbini akiwa amevaa kama Kaisari wa Roma, na hasira zake anapopoteza huandikwa kwa kirefu kuliko ushindi wa watu mia. Mwalimu au fundi bomba aliyeweka akiba miaka kadhaa ili acheze mara moja hupata mstari mmoja akitoka, na mara nyingi hapati hata huo. Upendeleo huo hauwezi kuondolewa kabisa kwa idadi ile ya meza, lakini waandishi wazuri huupunguza kwa njia rahisi: wanapopita mbele ya jina lisilojulikana lenye kete nyingi, huuliza linatoka wapi na linafanya kazi gani, na kwa kufanya hivyo mapema hujikuta, siku ya fainali, wakiwa na habari ambazo wenzao wanazihangaikia.

Siku ya kazi hufuata ratiba ya mchezo. Katika shindano kuu kila ngazi, yaani kipindi ambacho madau ya lazima hayapandishwi, huchukua saa mbili, na siku ya kawaida huwa na ngazi tano. Ukiongeza mapumziko, chakula, na uchapishaji wa hesabu za mwisho baada ya kete kufungwa ndani ya mifuko, mwandishi aliyeingia saa sita mchana hutoka baada ya saa sita usiku. Nje kuna joto la jangwani linalopita nyuzi 40, ndani kuna viyoyozi vinavyowafanya wachezaji wavae majaketi, na miili hubeba tofauti hiyo kwa majuma saba kwa mafua yasiyoisha. Mapumziko ya wachezaji si mapumziko ya mwandishi, kwa kuwa hapo ndipo anapata nafasi ya kuandika mikono iliyorundikana daftarini na kuhesabu kete za meza zisizo na watu, ambazo zimetulia na hazimkimbii.

Malipo ya kazi hiyo hayana uhusiano wowote na fedha zinazoandikwa. Mtu anayehesabu fungu la zawadi la dola milioni 93, kama lilivyokuwa mwaka 2023, hulipwa ujira wa kawaida wa mkataba, bila uhakika wa mwaka ujao, na msimu wake hutegemea mambo yaliyo mbali na uandishi. Kwa muda mrefu tovuti za poka ziliishi kwa kamisheni za kampuni za mchezo wa mtandaoni, zilizolipa kwa kila mchezaji mpya aliyeletwa. Tarehe 15 Aprili 2011 wizara ya sheria ya Marekani ilipofungua mashtaka dhidi ya waanzilishi wa kampuni kubwa tatu za mtandaoni na kufunga milango yao kwa wachezaji wa nchi hiyo, fedha za matangazo zilikauka, na vibarua vya waandishi vikapungua nazo. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliondoa kabisa majira ya kiangazi ya kumbi za Las Vegas, na mwaka uliofuata mashindano yakafanyika katika vuli, ambapo aliyekwisha kupata kazi nyingine hakuweza kuja. Utegemezi wa kamisheni pia unaibua shaka isiyokwepeka juu ya uhuru wa mwandishi, maana anayeripoti mchezo analishwa na wale wanaotaka watu wengi zaidi waucheze, na msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye ameshaona jinsi kampuni za kubashiri zinavyofadhili vipindi vya michezo vya redio, hahitaji kuelezwa zaidi. Taarifa za mikono zenyewe ni ngumu kupotosha, kwani wachezaji tisa na mgawaji ni mashahidi. Kinachopotea ni habari za wale waliofilisika, ambao hutoka ukumbini na kutoka katika maandishi kwa wakati mmoja.

Baadhi ya waandishi huendeleza maisha ya msimu kwa kufuata mashindano mengine: Barcelona, ulikoanzia mwaka 2004 msururu wa Ulaya ulioasisiwa na John Duthie, kisha Monte Carlo, na kwingineko kunakochezwa. Wengine hurudi kwenye ualimu, uandishi wa kawaida, au masomo. Wachache huhamia upande wa pili wa meza, na wachache zaidi hubaki huko, kwa kuwa kutazama mikono elfu kadhaa bila kuona karata humfunza mtu hesabu na tabia za watu, lakini hakumfunzi namna ya kupoteza fedha zake mwenyewe na kulala usingizi.

Katika miaka ya karibuni meza za televisheni zimewekewa vifaa vinavyosoma karata zenyewe kwa mawimbi ya redio, na picha zake hurushwa kwa kuchelewa ili mchezaji asiambiwe siri za wapinzani kwa simu. Mwandishi wa meza hiyo sasa huandika akitazama skrini, na daftari limebaki kwa ajili ya meza nyingine zote. Zipo pia programu za simu zinazomwezesha mchezaji kutangaza mwenyewe idadi ya kete zake, na hizo zimepunguza mzunguko kwa kiasi kikubwa, ila zina kasoro moja ambayo kila mhariri wa zamu anaijua: watu huandika haraka kete zinapoongezeka, huandika polepole zinapopungua, na kuanzia hapo hunyamaza. Mchezaji akikaa saa mbili bila kutangaza chochote, mwandishi hutumwa kwenda kuangalia kama kiti chake bado kina mtu.